Maua Yaliyojua Kwao

Jumamosi ya kwanza ya Machi, mwaka wa 1993, Mwalimu Felicitas Makandi alikuwa amebakiza picha moja kwenye filamu yake. Zile thelathini na tano za mwanzo alikuwa amezipiga huku na huko: maua ya viazi kule Kibirichia, ngazi za kanisa la kale la misheni, na geti la shamba moja la maua huko Timau, ambako askari alikataa katakata yeye na wenzake wasiingie. Sasa alitaka filamu iishe ili ipelekwe Embu mjini kuoshwa. Hakuona haja ya kutoka nje ya boma kwa sababu ya picha moja. Alisimama karibu na tangi la maji, akaelekeza kamera kwenye itoka lililokuwa limechanua vizuri, akafumba jicho la kushoto, akabonyeza.

Itoka lilijikung'uta udongo, likatoka kwenye tuta, likapita kando ya banda la kuku, likaenda zake. Lilipofika getini lilipita chini, kwa sababu geti hilo liliachwa juu kidogo ili maji ya mvua yapate njia. Felicitas aliliangalia mpaka likakata kona ya kwa Mzee Kiambi, kisha akakimbilia jikoni. Maziwa yalikuwa karibu kufurika.

Mtu wa mbali atauliza, itoka ni nini? Ni ua jeupe lenye mstari wa waridi katikati ya kila jani la ua, na chini lina tunguu kubwa lisilokufa hata ulitupe juani mwezi mzima. Wazee wa Embu walipanda matoka kwenye mipaka ya mashamba. Ungeweza kubishana na jirani, ungeweza kubishana hata na baba yako, lakini na itoka hubishani. Aliyeling'oa alilaaniwa, na laana yenyewe haikuwa ya mchezo.

Halafu, mwaka wa 1966, ikaja demakesheni. Serikali ilileta wapimaji na minyororo yao, vipande vya mashamba vikaunganishwa, mistari ikachorwa upya kwenye karatasi, na matoka yakatupwa kando ya barabara mafungu mafungu. Hakuna mtu wa kijiji aliyeyagusa. Felicitas peke yake ndiye aliyeyagusa. Alikuwa mke mgeni aliyetoka Chogoria, na kwao mambo ya matoka hawakuyajua. Kwake ua lilikuwa ua. Aliyaonea huruma. Aliyazoa kwa kiondo, safari baada ya safari, akayapanda kwenye matuta kumi na mawili kuzunguka nyumba. Wanawake wa kijiji walimwona, wakaguna, wakanyamaza, maana mke wa Mwalimu Gitari ungemwanzia wapi? Basi ndivyo mipaka ya kijiji kizima ilivyokaa kwa Felicitas miaka ishirini na saba, ikinyweshwa maji na kusifiwa na wageni.

Kamera aliipata alipostaafu. Walimu wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani au wilbaro, lakini shule yake ilikuwa imechoka kununua wilbaro. Akajiunga na walimu wastaafu wenzake, watu tisa wakiongozwa na Munyi, aliyekuwa hedimasta miaka mingi na hakuwahi kuacha tabia hiyo. Kila mwezi walienda mahali wakapiga picha za bustani, maua na mambo ya kale. Munyi aliandika kila ziara kwenye daftari, na aliyechelewa aliandikwa pia.

Picha ziliporudi kutoka mjini, zote zilikuwa safi isipokuwa ile ya mwisho. Ilikuwa na ukungu kidogo, kwa sababu ua lilikuwa limeshaanza kuondoka.

Wiki hiyo hiyo lile itoka lilionekana. Lilikuwa limejipanda katikati ya majani chai ya chifu. Felicitas alipopata habari hizo alinunua filamu nyingine, akaanza kupiga matuta yake moja baada ya jingine, kwa sababu alikuwa mwalimu na kazi iliyoanzwa kwake humalizwa. Matoka yalitoka kwa mstari. Yalishuka barabarani yakikaa upande wa kushoto, yakasubiri ng'ombe wapite, yakaendelea. Wachuma chai waliyapisha njia.

Siku ya tatu chifu alifika mwenyewe na kofia yake.

"Mwalimu, hii maua yako inatembea zaidi ya tano," alisema. "Iko na laiseni ya mkutano?"

"Chifu, mimi napiga picha tu. Andikia hayo maua barua."

Chifu alifikiria jambo hilo, akanywa chai aliyokaribishwa, akamaliza. Akiondoka aliagiza kwamba yasizidi manne kwa wakati mmoja. Kuanzia siku hiyo matoka yalitembea manne manne, na chifu akaridhika.

Kufikia Juni kijiji kilikuwa kimepata mipaka yake ya zamani. Mstari mmoja ulipita katikati ya foleni ya zahanati, mwingine ukapita kwenye josho la ng'ombe. Mstari mrefu kuliko yote ulikata chai ya chifu na kuacha theluthi mbili upande ambao haukuwa wake. Wazee walienda na bakora zao, wakasimama kando ya matoka, wakasema, "Kumbe ni hapa," kisha wakarudi nyumbani. Hakuna aliyerudisha hata hatua moja ya shamba. Lakini hakuna aliyethubutu kuyang'oa tena pia. Watu walilima wakiyazunguka, na chifu mwenyewe aliwaambia wachuma chai wake wasiyakanyage.

Kwa Felicitas lilibaki tuta moja, la chini ya dirisha la chumba cha kulala. Hilo alilipita kila siku akijifanya halioni. Akienda kufungua kuku alitazama kuku, akirudi alitazama mlango.

Ni kwamba maua ya tuta hilo hakuyazoa yeye barabarani. Matoka yake kumi na moja yaliletwa na Mwalimu Gitari, mume wake, mchana mmoja wa 1966, yakiwa yamefungwa kwenye koti lake la kazi. Gitari alikuwa karani wa kamati ya demakesheni. Alisema, "Haya nimekuta yametupwa." Felicitas aliona magoti ya suruali yake yamejaa udongo mbichi. Mwanamume huyo alikuwa mtu wa kalamu. Tangu amwoe hakuwahi kumwona amepiga magoti shambani. Aliliona hilo vizuri sana, akachukua suruali akaifua, hakuuliza. Miaka sita baadaye Gitari alikufa kwa ugonjwa wa figo, na swali likabaki na Felicitas.

Chini ya bustani yake palikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa, lakini haikukauka hata mwaka wa njaa, na ndiyo iliyofanya mawaridi ya Felicitas yawe mawaridi ya kusimamisha watu barabarani. Jirani yake wa upande ule, Wambeti, aliteka maji mtoni. Kila asubuhi alipita kando ya fensi na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, akiteremka bonde lote na kulipanda tena. Alikuwa mjane mwenye miaka sitini na kitu, na mgongo wake ulikuwa umeshaamua kubaki vile ulivyoinama. Kila asubuhi alisalimia, naye Felicitas alijibu, kila mmoja akaendelea na yake.

Mwezi wa saba, Wambeti aliposalimia hakuendelea. Aliutua mtungi.

"Mama Ndambiri," alisema, "umebakisha hayo ya dirishani."

"Filamu imeisha, Mama Nelius."

"Filamu si inanunuliwa?"

Felicitas alishika fensi. "Unajua yataenda wapi?"

"Aa, mimi nilikuwa mama wa hapa wewe ukiwa bado Chogoria unacheza kamba. Piga tu picha."

"Na yakienda pale ninapofikiria?"

"Basi yatakuwa yamefika," Wambeti alisema, akaubeba mtungi wake.

Felicitas alikaa siku mbili hali vizuri. Aliipenda bustani ile, wacha isemwe wazi. Aliipenda kuliko alivyowahi kupenda darasa lolote. Ilimlea alipofiwa na Gitari, na tena watoto walipoondoka. Alijua kwamba akibonyeza kile kidude kidogo cha kamera anaweza kuipoteza. Alijua pia kwamba asipobonyeza, Wambeti atapita tena kesho na mtungi, na atasalimia. Salamu hiyo ndiyo iliyomshinda. Siku ya tatu alinunua filamu dukani, akamwita Wambeti aje aone kwa macho yake, akapiga tuta la dirishani picha moja tu.

Matoka yale kumi na moja hayakwenda getini. Yalitoka manne, kisha manne, kisha matatu, yakateremka katikati ya mawaridi kwa uangalifu, yakajipanga mstari juu kidogo ya chemchemi, hatua ishirini ndani ya fensi, yakajipanda. Chemchemi ikawa upande wa Wambeti, na mawaridi karibu yote pia.

Felicitas alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, aproni usoni, mpaka kuku wakanyamaza.

"Nilimwona na udongo magotini," alisema. "Niliona, Mama Nelius, na nikanyamaza. Nisamehe."

Wambeti alikuwa anayatazama matoka. "Wakati ule Mzee wangu alikuwa hospitalini na kifua," alisema polepole. "Aliporudi akakuta fensi. Akaanza kuhesabu hatua kutoka mlangoni. Kila jioni anahesabu, anafika kwa fensi, anarudi, anahesabu tena. Alikufa akifikiri ni yeye amesahau hesabu." Alipangusa uso na ncha ya leso. "Kumbe hesabu yake ilikuwa sawa. Sasa hilo nalo ni jambo. Hilo nitamwambia."

Wiki iliyofuata wanawake hao wawili walikwenda Embu mjini, kwenye ofisi ya ardhi, wamevaa nguo za kanisani. Afisa aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alisikiliza habari za matoka akiitikia kwa kichwa. Alisema wiki hiyo wao walikuwa watu wa saba. Kisha akafunua ramani, akaweka kidole.

"Hapa mstari uko hapa," alisema. "Huu ndio usajili wa kwanza. Usajili wa kwanza haubadilishwi, hata kama mtu alidanganya."

"Hata kama alidanganya?" Felicitas aliuliza, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa la nane.

"Hata hivyo, mama. Ndivyo sheria inasema. Labda mwenye hati apeane kwa hiari."

Mwenye hati alikuwa mwanawe, Ndambiri, aliyefanya kazi ya ofisi Nairobi na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Baba alipokufa wazee waliliandika shamba kwa jina lake, akiwa bado na kaptura ya shule. Hakuwa mtoto mbaya. Alileta mkate, sukari na dawa ya presha, akakaa, akasikiliza yote, akatoka nje akayatazama matoka, akarudi.

"Mama, sikatai," alisema. "Naona yenyewe. Lakini hati ni hati. Nikiachia huku, kesho na jirani wa juu atakuja na maua yake. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayajamwagika, Ndambiri. Yako pale chini, yanatoka."

Ndambiri alitoka tena nje. Kabla ya kurudi Nairobi alivuta seng'enge mpya kwenye mstari wa ramani, nyuzi tano, akaikaza vizuri kwa sababu hakupenda kazi ya ovyo. Alimbusu mama yake shavuni, akaondoka. Gari lake lilipopotea, Felicitas alichukua plaisi akakata nafasi ya kumtosha mwanamke mwenye mtungi mgongoni. Mwisho wa mwezi Ndambiri alikuja, akaona, akaunganisha nyuzi. Jumatatu Felicitas akakata. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka seng'enge ile ikajaa mafundo, na hakuna aliyemtajia mwenzake habari hiyo mezani. Walizungumza mambo ya presha.

Kule chini, Wambeti alianza kuteka maji yake hatua chache kutoka mlangoni pake. Alipanda nduma kuzunguka chemchemi, mashimo kumi na manane. Hakutaka maua, alisema maua amepita kando yake vya kutosha. Felicitas alihamisha mawaridi aliyoweza, akayapanda juu kwenye matuta yaliyoachwa na matoka. Mengine yalikataa kuhama yakafa, na aliyasikitikia sana, lakini hakusema kwa Wambeti. Yale yaliyopona yalichelewa kutoa maua. Yakatoa, madogo madogo.

Desemba, Munyi alileta daftari lake. Alisema wamezunguka hadi Timau kutafuta mambo ya kale huku mengine yako hapa nyumbani, tena bila askari wa geti. Akaandika ziara: mpaka wa zamani wa kwa Wambeti, saa nne kamili, mtu asichelewe.

Walifika wote tisa wakitokea upande wa Wambeti, wakapita mmoja mmoja kwenye tundu la seng'enge, kofia mkononi. Wambeti aliwangoja kando ya matoka, amevaa kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Aliwaonyesha mstari. Aliwaonyesha mlango ambapo mume wake alianzia kuhesabu, na mahali ambapo hesabu ilipaswa kuishia. Walimu waliandika. Munyi aliuliza mwaka mara mbili, ili asikosee.

"Sasa nipige picha," Wambeti alisema. "Mimi mwenyewe. Hapa."

Tangu Machi hakuna mtu aliyekubali kupigwa na kamera ile. Kila mmoja alikujua kwao, ila hakutaka kupelekwa ghafla. Munyi alizaliwa ng'ambo ya pili ya mlima, na kwa miezi tisa alikuwa akikwepa mbele ya kamera kama mwenye deni.

"Una uhakika?" Felicitas aliuliza.

"Wewe piga."

Felicitas alipiga. Wambeti alisimama, mikono ubavuni. Walingoja. Upepo ulitikisa majani ya nduma, ndege fulani akalia kwenye mti wa mrengamu, na dakika zikapita mpaka Munyi akatazama saa.

"Nimebaki?" Wambeti aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Umebaki," Felicitas alisema.

Wambeti alicheka, kicheko cha mtu aliyekiweka muda mrefu. "Haya, na wewe njoo. Mpe Munyi hiyo kamera."

Felicitas alitazama viatu vyake, malapa ya nyumbani tu. Kutoka pale hadi Chogoria ni mbali, milima na mito, na shamba la baba yake ndugu zake walikuwa wameligawana zamani bila kumtaja. Akipelekwa, angefika kwenye mlango wa nani? Angebisha aseme nini? Miaka thelathini na miwili alikuwa ameishi katika nchi hii ya mume, akiitwa Mwalimu, akiitwa Mama Ndambiri, na hakuna siku aliyoambiwa waziwazi kwamba ni kwao. Lakini alikuwa amempiga Wambeti picha, na si haki mpiga picha kuogopa picha. Alimpa Munyi kamera, akasimama kando ya Wambeti penye udongo uliokuwa wa mawaridi yake.

"Tabasamu, Mwalimu," Munyi alisema, akabonyeza.

Miguu yake ilianza kwenda. Felicitas aliiacha. Ilimgeuza, ikampandisha hatua moja, ya pili, ikavuka matoka bila kuyagusa, ya tatu, ya nne, ikasimama. Alingoja iendelee kuelekea getini na barabarani. Haikuendelea. Alijaribu kuinua kisigino. Kilikuwa chake tena.

Alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, uso kwa uso na Wambeti, umbali wa kupokezana chumvi.

"Ni hapo tu?" Wambeti aliuliza.

"Ni hapo tu," Felicitas alisema.

"Basi karibu sana. Mimi nilifikiri utaenda mbali."

Munyi aliandika kwenye daftari: hatua nne. Wambeti aliinama kwenye chemchemi yake, akateka maji kwa kikombe cha bati, akakinyoosha juu ya matoka.

"Kunywa, Mama Ndambiri. Umechoka."

Felicitas alikuwa ameyatumia maji hayo miaka ishirini na saba, na hii ilikuwa mara ya kwanza kukaribishwa. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akanywa.